Mtoto Asiye na Mnyonyeshaji: Kazi ya Kitabibu ya Kila Siku katika Makao ya Vichanga, Kutoka Paris hadi Nairobi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya huduma ya kitabibu ya kila siku waliyopewa vichanga katika makao ya watoto, kwa kufuatilia kundi moja mahususi: vichanga ambao ugonjwa uliwafanya waogopwe na kila aliyeweza kuwalea. Kundi hili linaonekana Paris katika karne ya 18 na ya 19 kwa sababu ya kaswende, na linaonekana tena Nairobi katika miaka ya 1990 kwa sababu ya VVU. Makala inadai kwamba hofu hiyo ndiyo iliyoyapa makao ya vichanga uhalali wake wa kitabibu. Na kwamba ugonjwa unapoanza kudhibitika, uhalali huo hupungua, lakini kazi ya kila siku iliyokuwa ikifanywa ndani ya makao haipungui. Kazi hiyo huhama. Swali la kisera ni kujua inahamia mikononi mwa nani.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia umeshika kasi Afrika Mashariki. Rwanda iliweka mkakati wake wa mageuzi ya malezi mwaka 2012. Kenya ina mkakati wa kitaifa wa kipindi cha 2022 hadi 2032. Nyuma ya mikakati hiyo iko Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto ya mwaka 2009, ambayo inataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya kifamilia.

Mjadala huo mara nyingi huendeshwa kwa lugha ya upendo, haki na gharama. Lugha hiyo ni ya lazima, lakini inaacha pengo. Kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, ana ratiba ambayo haina uhusiano na falsafa ya malezi: dawa yake inatolewa kwa saa, kipimo chake hubadilika kadiri uzito unavyoongezeka, na usiku mmoja wa kuhara bila mtu wa kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko unaweza kummaliza. Katika makao ya watoto ratiba hiyo hubandikwa ukutani na hufuatwa kwa zamu. Nani huibeba nje ya makao? Historia ina majibu zaidi ya moja, na baadhi yake ni ya kale kuliko inavyodhaniwa.

2.0 Ziwa lililoogopa mtoto

Kabla ya maziwa ya ng'ombe kuweza kutayarishwa kwa usalama, tiba kuu ya kichanga aliyetupwa ilikuwa moja tu, nayo ni ziwa la mwanamke mwingine. Hospitali ya watoto waliotupwa ya London, iliyopokea watoto wake wa kwanza mwaka 1741, ilijengwa juu ya ukweli huo. Watoto walipokelewa mjini, kisha wakapelekwa vijijini kwa wanyonyeshaji wa kulipwa, chini ya wakaguzi wa kujitolea waliowatembelea. Kwa maneno mengine, taasisi hiyo iliyo maarufu zaidi katika historia ya ulezi wa yatima, kwa upande wa vichanga, ilikuwa ofisi ya kupanga malezi ya kifamilia. Mfumo huo ulivunjika ulipoelemewa. Kati ya mwaka 1756 na 1760, Bunge lilipolazimisha kila mtoto aliyeletwa apokelewe, waliingia watoto 14,934. Waliofikia umri wa kupelekwa kujifunza kazi walikuwa takriban 4,400.

Paris ilikuwa na utaratibu wa aina hiyohiyo, na ilikuwa na tatizo ambalo wanyonyeshaji walilifahamu vizuri kuliko madaktari. Mtoto aliyezaliwa na kaswende aliweza kumwambukiza mnyonyeshaji kupitia chuchu. Mwanamke wa kijijini aliyechukua mtoto kwa ajili ya mshahara mdogo alirudi mjini akiwa na vidonda, na pengine mumewe na watoto wake wenyewe wakiwa wameambukizwa. Habari za namna hiyo husambaa upesi. Mtoto aliyeonekana kuwa na dalili hakupata ziwa, na mtoto asiyepata ziwa alikufa, ama kwa ugonjwa wake ama kwa chupa aliyopewa badala ya ziwa.

Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 1780 katika hospitali ya Vaugirard. Walipokelewa humo wanawake wajawazito wenye kaswende. Baada ya kujifungua walitibiwa kwa zebaki huku wakimnyonyesha mtoto wao na, pamoja naye, mtoto mwingine mgonjwa aliyetupwa. Madaktari waliamini kwamba dawa ingempitia mama na kumfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Ni rahisi leo kuona ukatili wa mpango huo: mama maskini na mgonjwa aligeuzwa chombo cha kupitishia sumu. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na jambo ambalo halikuwapo mahali pengine. Mtoto aliyeogopwa na wote alipata mtu wa kumshika mchana na usiku, kwa kuwa mtu huyo hakuwa na cha kuogopa tena.

Jibu la pili lilikuja karne moja baadaye, na linastaajabisha zaidi. Mwaka 1881, katika hospitali ya watoto waliotelekezwa ya Paris, Daktari Parrot alifungua wodi ya vichanga yenye zizi la punda. Muuguzi aliketi kwenye kigoda ubavuni mwa punda, akampakata mtoto, akamshikilia kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakamua kiwele taratibu huku mtoto akinyonya moja kwa moja. Takwimu alizotoa Parrot kuhusu vichanga 86 wenye kaswende zinasema mengi. Kati ya 6 waliolishwa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, alipona 1. Kati ya 42 walionyonya mbuzi, walipona 8. Kati ya 38 walionyonya punda, walipona 28.

Maelezo ya kawaida ya matokeo hayo ni kwamba maziwa ya punda yana protini kidogo na sukari nyingi, hivyo yanakaribia maziwa ya binadamu kuliko maziwa ya ng'ombe. Maelezo hayo ni sahihi. Maelezo ya pili ni kwamba kunyonya moja kwa moja kuliondoa chupa na mpira wake, vitu ambavyo wakati huo vilikuwa maskani ya vijidudu. Hilo nalo ni sahihi. Lakini hata mbuzi alinyonywa moja kwa moja, na tofauti kati yake na punda inabaki kubwa. Na kundi la ng'ombe lilikuwa na watoto 6 tu, idadi ambayo mtakwimu yeyote angeikataa. Jambo lisilotiliwa shaka ni gharama ya utaratibu wenyewe. Kila mlo wa kila mtoto, usiku na mchana, ulihitaji mtu mzima mmoja aliyeketi na kumpakata mtoto huyo hadi ashibe. Chupa inaweza kuegemezwa kwenye mto na mlezi akaondoka, lakini punda hakuruhusu hilo.

3.0 Chupa safi na chumba kimya

Katika miaka iliyofuata sayansi ya maziwa ilisonga mbele. Mwaka 1886 Soxhlet alibuni nchini Ujerumani kifaa cha kuchemshia maziwa ya mtoto katika chupa za mlo mmojammoja. Mwaka 1892 Pierre Budin alianzisha Paris kliniki ambayo mama alirudi nayo kila juma ili mtoto apimwe uzito. Mwaka 1898 Arthur Schlossmann alifungua Dresden hospitali ya vichanga peke yao, akiwaajiri wanyonyeshaji na kuwafundisha wauguzi kazi ya vichanga kama taaluma. Mizani, chupa iliyochemshwa na kadi ya uzito, yaani vitu ambavyo kila mama wa Afrika Mashariki anavijua kutoka kliniki, vilitokana na kipindi hicho.

Pamoja na usafi uliingia woga wa kugusa. Kama vijidudu hubebwa na mikono, basi mikono ipunguzwe. Vitanda vilitenganishwa, mashuka yakatundikwa kati ya kitanda na kitanda, wageni wakazuiwa. Watoto waliendelea kufa. Nchini Marekani Daktari Henry Dwight Chapin aliuliza mwaka 1915, mbele ya madaktari wenzake, kama taasisi za vichanga zina haja ya kuwapo kabisa. Yeye alikwisha kuanza kutekeleza jibu lake tangu mwaka 1902, kwa kuwapeleka vichanga waliotoka hospitalini katika nyumba za familia zilizokuwa chini ya uangalizi wa daktari na muuguzi. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika anapotajwa. Chapin hakuwaondoa watoto kwenye tiba. Aliihamisha tiba pamoja nao.

Ushahidi uliojulikana zaidi ulitolewa na René Spitz mwaka 1945 na 1946. Alilinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa makao ya watoto waliotelekezwa. Ya pili ilikuwa chumba cha kulelea vichanga ndani ya gereza la wanawake, ambamo mama wafungwa waliwahudumia watoto wao. Kwa kigezo cha tiba, makao ndiyo yaliyokuwa bora. Mganga mkuu na wasaidizi wake walipita kila siku, mara nyingi mara mbili, wakikagua kadi ya kila mtoto pamoja na mtoto mwenyewe. Gerezani daktari aliitwa pale tu alipohitajika. Lakini katika makao muuguzi mmoja alikuwa na watoto wapatao wanane, na mashuka yaliyotundikwa pembeni mwa vitanda yalimfanya mtoto asione kitu isipokuwa dari. Katika makao hayo, surua iliua watoto 23 kati ya 88 waliokuwa na umri wa hadi miaka miwili na nusu. Spitz aliporudia uchunguzi, watoto 34 kati ya 91 aliowafuatilia walikuwa wamekufa ndani ya miaka miwili. Gerezani hakufa hata mmoja.

Utafiti wa Spitz ulikosolewa vikali, hasa na Pinneau mwaka 1955, kwa sababu mbinu zake za kupima na kuteua watoto hazikuelezwa vya kutosha. Ukosoaji huo ni wa haki kwa upande wa vipimo vya akili na tabia. Unagusa kidogo sana suala la vifo. Na kwa hoja ya makala hii, thamani ya Spitz ni jambo moja ambalo wasomaji wake wengi hulipita haraka: ziara ya daktari ya kila siku, hata ikifanyika mara mbili, si huduma ya kila siku. Daktari hupita na kuondoka. Huduma ya kila siku ni ya yule anayebaki, ambaye huona saa nane usiku kwamba mtoto ameacha kunyonya.

Hospitali ya Bellevue mjini New York ilifikia hitimisho hilohilo kwa njia ya vitendo. Harry Bakwin alieleza mwaka 1942 jinsi utaratibu wa kuwatenga vichanga ulivyoachwa na wauguzi wakaelekezwa wawabebe na kucheza nao. Maambukizi hayakuongezeka kama ilivyohofiwa, na watoto walipata nafuu.

4.0 Kampala kati ya mishina miwili ya elimu

Afrika Mashariki iliipokea elimu hii kwa pande zote mbili, na kwa upande mmoja ilichangia kuijenga. Makao ya vichanga ya Sanyu mjini Kampala yalianza mwaka 1929, chini ya mkunga mmisionari wa Hospitali ya Mengo. Kuwapo kwa hospitali jirani si jambo la bahati. Makao ya vichanga ya eneo hili yalizaliwa mara nyingi kando ya wodi ya uzazi, kama mwendelezo wake, kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake hakutoka wodini akiwa hai.

Upande wa pili ni wa kitafiti. Baada ya John Bowlby kuliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti yake ya mwaka 1951 kuhusu malezi ya mama na afya ya akili, Mary Ainsworth alifika Uganda na kuwachunguza vichanga 28 wa familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, ambayo leo hunukuliwa katika kila hati ya kimataifa inayotaka makao ya vichanga yafungwe, ilipata uchunguzi wake wa kwanza wa nyumbani kwa nyumba miongoni mwa Waganda. Ni ajabu kidogo kwamba nadharia hiyo hurudi katika eneo hili ndani ya mikoba ya washauri kana kwamba ni bidhaa ya nje.

5.0 Sindano

Kabla ya kufika Nairobi, ni lazima kutaja Romania, ingawa kwa ufupi, kwa sababu inaonyesha kwamba tiba ya kila siku isiyo na msimamizi inaweza kuwa yenyewe ndiyo ugonjwa. Chini ya utawala wa Ceauşescu vichanga waliodhoofika katika taasisi za serikali walitiwa damu kidogokidogo ili wapate nguvu, na sindano zilitumika tena na tena. Mpaka mwisho wa mwaka 1990 nchi hiyo ilikuwa imeripoti wagonjwa 1,168 wa UKIMWI. Kati yao 1,094 walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 13, na zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa wametelekezwa na kuishi katika taasisi. Waliopewa damu hawakuwa na mzazi wa kuuliza damu hiyo ni ya nini.

6.0 Nairobi: kingamwili za mama

Miaka miwili baadaye, mwaka 1992, Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, akishirikiana na Sista Mary Owens, alianzisha Nairobi makao ya Nyumbani kwa ajili ya watoto waliotelekezwa wenye VVU. Mazingira yanamkumbusha mwanahistoria Vaugirard. Vichanga waliachwa hospitalini, makao mengine yaliwaogopa, jamaa waliwaogopa. Tena ugonjwa ulikuwa umemnyima mtoto ziwa, na safari hii hofu ilikuwa ya pande mbili, kwa kuwa maziwa ya mama mwenyewe yaliweza kumwambukiza mtoto.

Palikuwa na jambo moja la kitabibu ambalo lilitofautisha hali hii na ya Paris. Kipimo kilichopatikana wakati huo kilitafuta kingamwili, wala si virusi. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo kila kichanga wa mama mwenye VVU alionekana kuwa na VVU. Ilhali, bila kinga yoyote, maambukizi halisi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto yalikuwa kati ya asilimia 15 na 45, kutegemea kama mtoto alinyonyeshwa. Maana yake ni nzito: wengi wa vichanga waliotupwa kwa sababu ya jibu la maabara hawakuwa na ugonjwa waliotupiwa.

Kilichohitajika ili kuujua ukweli huo kilikuwa muda, na muda kwa kichanga ni kazi. Ilibidi mtu amfikishe mtoto kwenye mwezi wa 18 akiwa hai: maziwa yaliyotayarishwa kwa maji yaliyochemshwa, uzito ulioandikwa, utando mweupe mdomoni uliotafutwa kila asubuhi, pumzi zilizohesabiwa mtoto anapokohoa, kotrimoksazoli ya kila siku baada ya kukubaliwa kuwa kinga ya nimonia. Kwa wale walioambukizwa kweli, bila dawa za kufubaza virusi, nusu hivi hawakufikia siku yao ya pili ya kuzaliwa. Makao ya aina hii yalikuwa, kwa wakati mmoja, chumba cha kusubiria majibu na mahali pa kufia. Walezi hawakujua mtoto yupi yuko katika kundi lipi. Waliwahudumia wote kwa namna moja, na kutojua huko kuliwanufaisha watoto.

Kisha mambo matatu yalibadilika, kwa mfuatano wa haraka kuliko sera. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto inapunguza maambukizi karibu kwa nusu. Katikati ya muongo uliofuata, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi liliweza kusafirishwa hadi maabara kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, hivyo jibu likapatikana mtoto akiwa na wiki sita. Na mwaka 2008 utafiti wa Afrika Kusini ulithibitisha kwamba kumwanzishia kichanga dawa mapema, bila kungoja augue, kunapunguza vifo kwa asilimia 76.

Kila hatua kati ya hizo iliondoa sababu moja ya kuwapo kwa makao. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Nyumbani yenyewe ililiona mapema. Kabla ya dawa kuenea, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilianzisha mpango wa Lea Toto wa kuwahudumia watoto wenye VVU wakiwa na jamaa zao katika mitaa maskini ya Nairobi. Kwa mtazamo wa kihistoria, huo ni utaratibu wa Chapin, na nyuma yake ni wa wakaguzi wa London: mtoto katika nyumba, na tiba inayomfuata mlangoni.

7.0 Kazi inapohama

Kwa miaka mingi dawa ya kichanga mwenye VVU ilikuwa shurubati chungu, katika chupa nzito ambazo baadhi yake zilihitaji jokofu kabla ya kutolewa, na kila moja ilipimwa kwa bomba lenye alama ndogo. Mlezi wa makao aliyeifanya kazi hiyo kwa watoto kumi alikuwa fundi. Alijua mtoto yupi hutema na asubiri kiasi gani kabla ya kurudia. Bibi aliyekabidhiwa mjukuu pamoja na mfuko wa chupa alitakiwa kuujua ufundi huo kwa maelezo ya dakika chache. Hatari iliyokuwapo hapo haikutokana na upungufu wa upendo.

Mzigo huo umepungua. Tangu mwaka 2021 Kenya na Uganda zimekuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza kutumia vidonge vya dolutegraviri vya watoto, vinavyoyeyushwa katika maji kidogo. Lakini kidonge kinachoyeyuka nacho hupimwa kwa uzito wa mtoto, na uzito wa kichanga hubadilika kila mwezi. Mizani lazima iwepo mahali fulani, na mtu wa kuisoma.

Mikakati ya mageuzi ya malezi katika eneo hili ina vifungu kuhusu tathmini ya familia, ziara za maafisa ustawi wa jamii na usajili wa walezi wa kambo. Mpango wa kitabibu wa mtoto, pale unapotajwa, kwa kawaida huachiwa wizara nyingine. Mgawanyo huo wa wizara haukuwapo Dresden wala London. Mkaguzi wa Kent aliyeangalia kama mnyonyeshaji ni mwema ndiye huyohuyo aliyeripoti kwamba mtoto ana homa. Faili la kichanga anayetoka katika makao linapaswa kuwa na mambo ambayo afisa ustawi hakufundishwa kuyauliza: uzito wa mwisho na tarehe yake, dozi ya sasa na uzito utakaoibadilisha, chanjo zilizobaki, siku ya kipimo kijacho cha damu, jina la kituo cha afya kitakachompokea, na namna ya kumpata mlezi aliyemjua ambaye anaweza kuulizwa usiku. Kipengele cha mwisho ndicho kigumu zaidi, kwa sababu makao yakifungwa walezi hutawanyika, na ujuzi wao haukuandikwa katika kadi yoyote.